Binti yangu anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5, nimueleweshe vipi?

mama_kihonda
Habari za jioni wakuu, naomba msaada kwa walimu na wazazi wenye uzoefu. Binti yangu yuko darasa la nne shule ya serikali hapa Morogoro, hesabu za kawaida hazimsumbui kabisa, tebo mpaka ya 12 anazo kichwani, kutoa kwa kukopa anafanya vizuri. Sasa tangu wameanza mada ya sehemu naona kama mtoto mwingine. Juzi nimefungua daftari nikakuta 1/2 + 1/3 = 2/5, chini yake 1/4 + 1/4 = 2/8, chini tena 2/3 + 1/5 = 3/8, ukurasa mzima mikasi mitupu. Nikamuuliza umepataje, akanijibu kwa kujiamini kabisa, "mama si nimejumlisha juu na juu, chini na chini". Na ukiangalia ni kweli hajakosea kujumlisha hata mahali pamoja!

Nikasema ngoja nitumie chapati kama watu wanavyoshauri. Nimeweka chapati mbili, moja nikakata vipande vinne moja vinane, nikamwambia nikikupa 1/4 au 1/8 utachukua ipi, akasema 1/8 kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne. Vipande viko mbele yake jamani na anaviona! Nikamwambia haya kata mwenyewe chapati nyingine mara tatu, akakata kipande kimoja kikubwa na viwili vyembamba, akasema hii kubwa ni 1/3 yangu na hizi ndogo 1/3 za wadogo zangu.

Hapo nikagundua shida sio kujumlisha, hajui hiyo 1/3 yenyewe ni nini. Na mimi nikikaa nikawaza nakuta nilikaririshwa tu, tafuta KDS (ile namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba zote za chini), gawanya kwa chini zidisha kwa juu, nikawa napata vema mpaka namaliza la saba lakini ukiniuliza kwa nini tunafanya hivyo sina jibu. Sitaki na yeye aende hivyo hivyo. Darasani kwao wako zaidi ya 90, mwalimu simlaumu, hawezi kumfikia kila mmoja. Nianzie wapi?

bwashee_sido
Mama mtafutie tuisheni na mpe maswali mengi, 20 kila siku. Hesabu ni mazoezi. Upimaji wa darasa la nne unakuja, hawataulizwa kwa nini, wataulizwa jibu.

ticha_mstaafu
Dada mama_kihonda hongera kwa kufungua daftari na kumuuliza "umepataje" kabla ya kumgombeza, wazazi wengi hawafiki hapo. Nimefundisha hisabati shule za msingi miaka 31, nyingi vijijini mkoa wa Singida, na hiyo 2/5 ya binti yako nimeisahihisha labda mara elfu. Ndugu hapo juu simkatalii kuhusu mazoezi ila mtoto huyu ukimpa maswali 20 leo atayakosa yote 20 kwa njia ile ile na kesho itakuwa ngumu zaidi kumtoa huko. Mazoezi yaje baada ya kuelewa.

Kwanza ujue kwa nini anafanya hivyo, maana sio uzembe. Angalia daftari lake, zoezi la kwanza amepata 7/10 limeandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa, la pili 8/10, na mwalimu akijumlisha anaandika 15/20. Sasa mtoto tangu darasa la kwanza anaona juu inajumlishwa na juu, chini na chini, na ni sahihi! Kwa maksi ni sahihi kwa sababu pale kila zoezi ni kitu chake, maswali kumi haya na maswali kumi yale. Kwenye sehemu tunazungumzia kitu kile kile kimoja, chapati ile ile, kilo ile ile. Nilikuwa nalieleza hili wazi darasani, naandika ubaoni maksi upande mmoja na sehemu upande mwingine, nawaambia alama imefanana kazi ni tofauti. Usipomwambia hawezi kujua mwenyewe.

Pili, na hili ndilo naomba ulishike kuliko yote, acha kwa muda kusoma "moja juu ya nne", "tatu juu ya nne". Akisikia "tatu juu ya nne" anasikia namba mbili, moja imekaa ghorofani nyingine chini, ndiyo maana anazijumlisha kila moja kivyake. Kiswahili chetu kina njia nzuri zaidi na mtoto anaijua tangu anatumwa dukani. Tunasema robo tatu. Sikiliza hilo neno lilivyokaa, robo ndio jina la kitu na tatu ni idadi yake, sawasawa na viti vitatu, ndizi tatu. Asili, yaani namba ya chini, ni JINA la kipande. Kiasi, namba ya juu, ni IDADI ya vipande. Muulize ndizi mbili ukiongeza ndizi moja ni nini, atakwambia ndizi tatu, hawezi kujumlisha na neno ndizi. Haya robo moja ukiongeza robo moja? Robo mbili. Ile 2/8 yake inakufa hapo hapo bila kelele.

Tena siku hiyo hiyo mpeleke dukani, anunue robo kilo ya sukari mara mbili kwenye mifuko miwili kisha mwombe mwenye duka aweke yote miwili kwenye mizani. Aone inasoma nusu. Mimi nimefanya hivyo na mzani wa kuazima darasani, watoto walinyamaza kimya.

Tatu ni habari ya vipande kuwa sawa. Alivyokata chapati moja kubwa mbili nyembamba, mwambie hivyo ni vipande vitatu kweli lakini sio theluthi. Theluthi ni lazima vilingane, ukifumba macho ukachukua chochote usijute. Mbinu ya zamani ya nyumbani inasaidia, anayekata anachagua wa mwisho. Atakata sawa!

mpemba_mkoani
Nimesoma alichosema mwalimu juu ya majina nikafurahi sana, naomba niongeze maana sisi huku watoto wanayajua majina hayo chuoni, yaani madrasa, hata kabla ya skuli. Kiswahili hakikuishia robo. Ipo nusu, theluthi, robo, humusi ni sehemu ya tano, sudusi ya sita, subui ya saba, thumni ya nane, tusui ya tisa, ushuri ya kumi, na hilo ushuri ndugu yake ni ushuru tunaolipa. Mengine yamekuwa mageni kwa watoto wa leo lakini ukimfundisha binti yako sudusi tu utaona kazi inavyorahisika.

Tazama hesabu yake. Nusu na theluthi hazijumlishiki zikiwa hivyo kwa sababu majina mbalimbali, kama mbuzi mmoja na kuku mmoja, huwezi kusema mbuzi wawili wala kuku wawili. Lakini nusu ukiikata vizuri ndani yake mna sudusi tatu. Theluthi ndani yake mna sudusi mbili. Sasa jina limekuwa moja, sudusi tatu na sudusi mbili ni sudusi tano. Basi, 5/6.

Na mfano ambao wazee wetu wameufanyia kazi karne nyingi ni mirathi. Suratun-Nisaa imetaja mafungu sita, nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Kafa mtu kaacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke kwa sababu marehemu kaacha mtoto anapata thumni, mama sudusi, mtoto anachukua kilichobaki. Sasa thumni na sudusi utazigawa vipi shamba moja? Anayegawa anatafuta namba inayokubali kukatwa kwa nane na kwa sita bila kuvunjika, nayo ni 24. Thumni ya 24 ni 3, sudusi ya 24 ni 4, jumla 7, mtoto anabakiwa na 17. Ikiwa mali ni milioni 24 basi mke milioni 3, mama milioni 4, mtoto milioni 17. Ile 24 wanazuoni wanaiita asili ya mas-ala, na mwalimu hapo juu kasema namba ya chini shuleni inaitwa asili. Nilipokuwa mdogo sheikh alitugawia kokwa za embe 24 juu ya mkeka, kila mtu akapewa fungu lake, toka siku ile KDS ya skuli haikunisumbua. Nilikuwa naona kokwa.

mama_kihonda
Shikamoo mwalimu, na asante sana ndugu yangu wa Pemba. Hiyo ya maksi imeniacha mdomo wazi, nimeenda kuangalia daftari na kweli kuna mahali pameandikwa 9/15 + 6/10 = 15/25, jumla ya mazoezi mawili. Sikuwahi kuwaza kabisa kwamba mtoto anajifunzia pale.

Swali, hizo 24 na 6 na mimi nizipateje bila kumrudisha kwenye kukariri KDS? Na yule 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 bado hajatoka, jana nimemuuliza tena akasita akasema nane.

fundi_cherehani
Hiyo ya nane na nne niachie mimi. Mimi sio mwalimu, ni fundi nguo, nimefundisha vijana kazi zaidi ya kumi na wengi wanakuja hawajui kusoma tepu. Wanajua inchi 36, inchi 24, lakini ukimwambia thelathini na sita na robo tatu anakuangalia tu.

Chukua tepu ya kushonea, upande wa inchi, mwoneshe inchi MOJA peke yake, zingine funika na vidole. Nyingi ndani ya inchi moja zina nafasi ndogo nane. Mpe kalamu ahesabu mwenyewe, aguse kila nafasi. Akishapata nane mwambie hiyo nafasi moja ndogo ndio 1/8. Sasa aoneshe katikati kabisa ya inchi, nusu, ni nafasi ngapi? Nne. Robo ni ngapi? Mbili. Mwache akae nayo. Hapo hautasema wewe kwamba 1/8 ni ndogo, atasema yeye, kwa sababu robo imemeza hizo nafasi mbili na 1/8 ni moja tu. Inchi ni ile ile, ukiikata mara nyingi vipande vinakuwa vidogo, haina namna nyingine.

Nadhani kwenye chapati alichanganyikiwa kwa sababu alikuwa anaangalia IDADI ya vipande kwenye sahani, chapati ya vinane inaonekana imejaa. Kwenye tepu hakuna sahani.

Halafu mpe kazi ya kweli. Mimi kijana wangu namwambia sketi urefu inchi 22 na nusu, ongeza pindo inchi 1 na thumni tano (nimependa hilo neno, sisi tunasema "nusu na kamstari"), kata wapi? Anahesabu mistari, nusu ni mistari minne, thumni tano ni mistari mitano, jumla tisa, mistari minane inafanya inchi nzima unabaki mmoja, kwa hiyo 24 na 1/8. Akikosea kitambaa cha mteja kimeharibika, kwa hiyo mwanzoni tunakata magazeti. Na hapo amejifunza kuwa sehemu inaweza kuzidi moja, kitu ambacho chapati haisemi, mtoto ukimwambia tano juu ya nne ya chapati anakwambia haiwezekani maana vipande vya chapati ni vinne tu.

ticha_mstaafu
Marahaba mama. Fundi umefundisha vizuri kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Kuhusu KDS, tumia visoda. Waambie watoto wa jirani wakuokotee vya kutosha. Swali ni 1/2 + 1/3, mwambie tunataka fungu la visoda ambalo linakubali kugawanywa kwa watu wawili sawasawa, na hilo hilo likubali kugawanywa kwa watu watatu sawasawa, bila kupasua kisoda. Usimpe jibu. Ataanza na viwili, kwa wawili vinakubali kwa watatu vinakataa. Vitatu, vinne, vitano, vyote vitakataa mahali fulani. Sita vinakubali kote! Huo ndio KDS wenyewe, Kigawe Kidogo cha Shirika, fungu dogo kabisa ambalo wote wawili wanakubaliana nalo. Halafu nusu ya sita achukue vitatu, theluthi ya sita achukue viwili, avirundike pamoja, vitano kati ya sita. Akiokota 12 pia usimkataze, atapata sita na vinne ni kumi kati ya 12, na hapo una somo lingine la bure kwamba 10/12 na 5/6 ni kitu kimoja.

Na kabla ya yote hayo fanya hili moja, ni dakika tano tu. Kata ukanda wa karatasi sentimita 10 kamili kwa rula. Nusu yake ni sentimita 5, apake rangi. Sasa mwambie jibu lako lilikuwa 2/5, tuioneshe kwenye karatasi nyingine sawa na hii. Akate kumi mara tano, kila kipande sentimita 2, vipande viwili ni sentimita 4, apake rangi. Weka moja juu ya nyingine. Usiseme neno. Alianza na nusu ambayo ni 5, akaongeza kitu, amefika 4! Atakutazama usoni. Mtoto akishaona mwenyewe kwamba jibu lake haliwezekani hatarudi tena kule, ukimwekea mkasi wewe atarudi wiki ijayo. Na mzoeshe kila swali akadirie kwanza, itazidi nusu au haitazidi, itazidi moja au haitazidi, ndio aanze kuandika.

bwashee_sido
Mwalimu nimekuelewa, na kwa kweli mimi mwenyewe nilisomeshwa kwa fimbo na kukariri nikadhani ndio njia. Wangu yuko la tano nitamjaribu na hiyo karatasi leo. Ila bado nasema akishaelewa apewe maswali, maana kwenye mtihani hana visoda.

ticha_mstaafu
Hapo tuko pamoja kabisa. Kwanza vitu mkononi, kisha michoro ya vitu hivyo, mwisho namba tupu. Kosa letu wengi tunaanzia mwisho kwa sababu silabasi inakimbia.

bibi_wa_tanga
Wanangu mmenikumbusha mbali. Mama yangu alikuwa akiuza mchele kwa kibaba. Vibaba viwili kisaga kimoja, visaga viwili pishi moja, kwa hiyo kibaba ni robo ya pishi na kisaga ni nusu. Mteja akisema nipe kisaga na kibaba, mama alikuwa hasemi nusu kujumlisha robo, anasema vibaba vitatu, anapima, amemaliza. Hakusoma hata darasa moja. Hata fitri ya Ramadhani tulikuwa tunapimia pishi nyumbani, tunajua kila kichwa vibaba vinne. Mama mtafutie binti kikombe kimoja kidogo na chombo kimoja kinachojaa kwa vikombe vinne, amwage amwage mwenyewe. Mchele ukimwagika unaokota.

mama_kihonda
Wakuu narudi na mrejesho, zimepita siku tisa.

Karatasi ya sentimita 10 tulifanya usiku ule ule. Alipopaka rangi akaweka moja juu ya nyingine alinyamaza, akazigeuza, akapima tena na rula, akasema "mama hii imepungua". Nikasema eeh. Akasema "lakini nimeongeza". Nikanyamaza kama mwalimu alivyosema, ilikuwa ngumu sana kunyamaza. Akachukua daftari mwenyewe akaanza kuangalia yale mengine, akafika 2/3 + 1/5 = 3/8 akasema hii nayo haiwezekani kwa sababu 2/3 peke yake imeshapita nusu na 3/8 haijafika. Sikumfundisha hilo mimi!

Tepu tumeazima kwa fundi wa mtaani, thumni sasa anaijua na anamrekebisha hadi baba yake. Visoda alipata sita mwenyewe, kwa 2/3 na 1/5 akahangaika mpaka akafika 15, akaweka kumi na vitatu, 13/15. Chapati anakata yeye siku hizi na anachagua wa mwisho, wadogo zake wanafurahi kweli.

Sasa jana kaniuliza jipya. Kasoma mbele kwenye kitabu cha kaka yake akakuta 1/2 × 1/2 = 1/4. Anasema kuzidisha ni kuongeza, mbona imepungua? Nimemwambia nitamuuliza babu mwalimu.

ticha_mstaafu
Mwambie babu amefurahi sana na hilo swali. Hiyo alama ya kuzidisha aisome "ya". Nusu YA nusu. Achukue karatasi aikunje mara moja katikati, hiyo nusu. Bila kuikunjua aikunje tena katikati, apake rangi upande mmoja tu wa juu, kisha aikunjue yote ahesabu vyumba. Kesho afanye nusu ya theluthi, nusu ya robo, na akunje kabla hajaandika. Akipata jina la vile vyumba vya nusu ya robo aniandikie hapa mwenyewe.

mama_kihonda
Ameandika mwenyewe ngoja nimpe simu:

babu shikamoo. nimekunja nimepata vyumba 8 nimepaka 1. ni thumni